Mtu Aliyeburuta Kiti

Siku ya kwanza fundi kumwona, mwanamke yule alikuwa amekalia kiti ambacho fundi hajamaliza kukishona. Sindano ilikuwa bado inaning'inia mgongoni pa kiti. Fundi alikuwa ameitwa ukumbi wa maktaba kubadilisha vitambaa vya viti vilivyochanika. Alitoka kunywa maji, akarudi akakuta taa zimezimwa na filamu imeanza. Kumwambia mtu mzima ainuke? Hilo hakuliweza. Akasimama nyuma yake kaushika uzi, sindano isije ikamchoma, mpaka mwanamke akageuka.

"Fundi, unaelewa kitu hapo?"

Kwenye skrini, samaki amelala kitandani, kafunikwa shuka, na mvua inanyesha ndani ya kabati.

"Hata kidogo."

"Basi kaa, tusielewe wote."

Akakaa. Tangu hapo kila Jumapili alasiri alikaa ubavuni pake. Watu walimwita Mama Pasi, kwa kuwa alipiga pasi kwenye duka la dobi. Filamu zilikuwa kama ndoto za mtu mwenye homa, na zikiisha mkutubi aliwauliza watazamaji wameona nini. Huyu atasema ni serikali, yule atasema ni kifo. Mama Pasi hakuzunguka.

"Yule ni marehemu wangu."

Farasi aliyevaa koti? Marehemu. Ngazi iliyopanda ikaishia hewani? Marehemu, kuanza mambo asiyamalize. Tena alisimulia akicheka, macho yanang'aa.

Wivu ukampanda fundi. Angekuwa mwanamume aliye hai angemtafutia dosari, lakini marehemu utamshika wapi? Kazini aling'oa misumari ya makochi ya watu kwa hasira, kana kwamba anamng'oa yule mume masharubu. Alichotaka ni kimoja tu: siku moja Mama Pasi atazame skrini aseme, yule ni fundi.

Ikaja filamu ya mtu anayeburuta kiti kitupu. Alikiburuta jangwani, akakivusha mtoni, mwisho akakiweka mlangoni pa nyumba moja, akasimama nyuma yake kimya. Fundi akajiweka sawa kitini. Hapo marehemu atapenyea wapi?

Mama Pasi akafuta macho. "Marehemu mtupu. Kiti na yeye wapi na wapi! Hata kula, alikula amesimama."

"Mama Pasi," fundi akaropoka, "mumeo si alikuwa dereva wa lori? Alikaa kitini maisha yake yote!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mama Pasi hakucheka. Alichukua mkoba wake, akatoka.

Jumapili iliyofuata alikaa safu ya mbele. Nyingine pia. Fundi alitazama kisogo chake, filamu hakuiona. Kisha mkutubi akatangaza kwamba Mama Pasi anahamia kwa binti yake, mji wa mbali, na leo ndiyo mwisho.

Filamu ilipoisha fundi akamngoja mlangoni. Alikuwa amepanga maneno tangu asubuhi. Alipomwona anakuja, akaishia kumshikia mlango. Mama Pasi akasimama mbele yake, mkoba begani.

"Nimeifikiria ile filamu yako ya kiti, fundi. Kweli, yule si marehemu. Marehemu angekikalia mwenyewe. Lakini na yule naye, kiti amekileta mpaka mlangoni, mdomo anao. Si angesema tu, 'Karibu ukae'?"