Doa Lililokuwa Njiani

Muuguzi aliigeuza skrini ili nami nione kifua changu. Juu ya pafu la kulia palikuwa na ukungu mweupe, kama pumzi ya mtu kwenye kioo.

"Bhuti, hii inafanana na TB," alisema, akiniita kaka kwa lugha ya kwao. "Tutapima makohozi tuhakikishe. Ikiwa ndiyo, ni dawa miezi sita, na mwanzoni utakuja kumezea hapa hapa kila siku."

Miezi sita! Tangu nilipoacha shule darasa la tano kule Tanga, sijakaa mahali nikauzoea mlango. Chumba changu hapa mtaa wa Jeppestown ni mbao zilizogawanya stoo ya zamani, na dirisha lake linatazama ukuta. Jumamosi nilikuwa niondoke kwa lori kwenda Durban.

"Huenda doa halimo kifuani," nikamwambia. "Huenda liko njiani, kati ya mashine na mimi."

Akacheka. "Njiani kuna nini, bhuti? Shati umevua."

Wiki hiyo nilikuwa nimesoma kwenye simu habari za wanaastronomia waliopiga picha za mbingu kwa eksirei. Picha zao zilikuwa na ukungu uliozidi na kupungua, nao hawakujua unatoka wapi. Kumbe sehemu yake ilizaliwa hapa jirani. Jua hupuliza upepo wa chembe, na baadhi yazo, kama za oksijeni, zimeporwa karibu elektroni zote. Sumaku ya dunia huusukuma upepo huo upite kando. Lakini hewa yetu haina ukingo. Hata huko nje kumetawanyika hidrojeni, nyembamba mno. Chembe yenye njaa ikikutana na hidrojeni huinyang'anya elektroni yake moja. Elektroni hiyo hutua ngazi ya juu ndani ya chembe, kisha hushuka, na nguvu inayobaki hutoka kama eksirei laini. Ni laini hivi kwamba hewa huimeza yote. Ya kliniki ilinipenya mbavu, hiyo haifiki hata mawinguni. Ndiyo maana huonwa na vyombo vilivyorushwa juu.

Jioni nilimweleza rafiki yangu, dereva wa lile lori, mtu wa kwetu Tanga.

"Eish, profesa! Darasa la tano lako lilikuwa chuo gani?" alisema. "Yaani mwanangu unataka jua ndilo likohoe?"

"Wao pia walidhani ukungu uko mbali, ukawa karibu."

"Haya. Na wako ukiwa karibu zaidi?"

Nikamuaga. Nililala nikiutazama ukuta wa dirishani, nikikohoa ndani ya shuka ili jirani wa upande wa pili wa mbao asisikie.

Majibu yalitoka Ijumaa. Doa lilikuwa kifuani.

"Nipe dawa zote niende nazo," nilimwomba muuguzi.

"Ukaziache wapi? Njiani?" Akanisukumia kikombe cha maji. "Meza nikuone."

Jumamosi rafiki yangu alipita, akapiga honi barabarani. Alikataa kunichukua. "Sitaki kukuzika Durban," alipaza sauti, "huko sina ndugu wa kunisaidia kuchimba." Akaondoa lori.

Nikarudi chumbani. Mkojo wangu ulikuwa wa rangi ya chungwa, kama muuguzi alivyonionya kwamba dawa ingeufanya. Niliutazama sana, kisha nikachukua simu nitafute ni kwa nini.