Kageha na Nafasi Kando ya Jeneza

Kawangware walimjua Kageha kwa kola. Mwaka wa sabini na nne mwanamke huyu, fundi wa cherehani, hakulala siku tano. Alichukua jora zima la kitambaa cha sare za shule akalishona kola tupu. Kola mia mbili, shati hata moja hakuna! Kisha akashuka. Wiki tatu alilala akitazama ukuta, hata uji hautaki. Daktari akamwambia wazi: ugonjwa wako una kupanda na kushuka, na dawa utakunywa maisha yako yote.

Mwingine angekata tamaa. Yeye alitafuta njia. Usingizi ukimpotea siku mbili tu, alimpelekea mkasi jirani yake Nereah, muuza samaki, akimwambia, "Usinirudishie mpaka nilale, hata nikikutukana." Na kweli alimtukana, matusi ya kupasua mabati, na Nereah akaukalia mkasi huku akipara samaki wake wa ngege. Jamani, kuna watu wameumbwa! Wengine wetu tukishikwa na mafua tu, nyumba nzima hailali.

Aliyekataa kuuona ushujaa huo ni kaka yake mkubwa, Shivachi, seremala wa Sarang'ombe kule Kibera. "Ugonjwa gani wa kucheka na kulia? Hicho ni kiburi," alisema. "Angechapwa mapema angepona." Hospitalini hakukanyaga. Kageha mwishowe aliacha kumweleza. Kila Jumapili alienda kumwona mama yao, aliyeishi kwa Shivachi. Kaka mtu alimsalimia, akamuulizia kazi, basi.

Mwaka wa sabini na tisa mama akafa ghafla katikati ya wiki, na Shivachi akaagiza Kageha asiambiwe. Nereah ndiye aliyezipata habari sokoni, siku mwili umeshatolewa mochari kupelekwa Sarang'ombe, na lori la kwenda kuzika Kakamega linaondoka saa nane mchana. Kifo chenyewe kilimuuma Kageha, lakini alichokiogopa zaidi ni kichwa chake, maana majonzi kama hayo ndiyo yangeweza kumpandisha. Akameza dawa, akamshika Nereah mkono, wakatembea hadi Kibera.

Shivachi aliwazuia mlangoni. "Nani amekuambia? Lori limejaa. Sitaki uniaibishe mbele ya wazee wa nyumbani. Mwangalie mama hapa, kisha urudi kwako."

Kageha alitaka kitu kimoja tu duniani: kumtupia mama yake udongo kaburini.

"Ndugu yangu," akasema kwa sauti, waombolezaji wote wakageuka, "mimi ni mgonjwa wa kichwa, na kila mtu hapa anajua. Dawa nimekunywa. Nereah atakuwa na mimi, na nikianza kupotea yeye atajua kabla yangu. Lakini mama ni wangu pia."

Weh! Siku zile nani alithubutu kuutaja ugonjwa huo hadharani, tena wake mwenyewe? Hata waliokuwa wakipasua kuni walisimama. Shivachi akasogea, akamwacha aingie.

Kwao mtoto wa marehemu hulia kwa mayowe, akikimbia huku na huku na kumsemesha maiti, wala hakuna anayemshangaa. Kageha hakuthubutu. Alijua akianza kukimbia huenda asijue pa kusimama. Alikaa mbele ya jeneza, machozi yakimtiririka kimya. Wanawake wakaanza kunong'ona: "Binti gani hamlilii mamake? Si ndio huo wazimu wenyewe?" Ona basi! Akilia ni wazimu, akinyamaza ni wazimu.

Wakati wa kufunga jeneza ulipofika, aliyevunjika ni Shivachi. Mbao alizipiga randa mwenyewe, lakini msumari wa kwanza ulimshinda. Akatupa nyundo, akakimbia akipiga mayowe hadi kwenye reli iliyopita karibu, akajibwaga chini. Wanaume watatu walijaribu kumwinua, akawasukuma wote.

Kageha alienda akaketi kwenye vumbi karibu naye. Hakumgusa. "Vuta pumzi," alimwambia. "Tena. Niko hapa. Siendi popote." Akalirudia hilo mara nyingi sana, polepole, mpaka kifua cha kaka yake kikatulia. Wanaume walisimama pembeni wakimtazama kwa mshangao.

"Kichwa kinataka kupasuka," Shivachi akasema mwishowe. "Ni hivi wewe husikia?"

"Siku zingine kuliko hivi."

"Na unawezaje peke yako?"

"Sikuwa peke yangu," Kageha akasema. "Ni wewe tu hukuwepo."

Shivachi aliinamisha uso, akalia tena, safari hii bila kelele. Lori likapiga honi. Akainuka, akamshika dada yake mkono mbele za watu, wakarudi pamoja. Kando ya jeneza lililokwisha kufungwa na kupakiwa kwenye lori alikuwa ameketi mzee mmoja wa ukoo.

"Mzee, naomba upishe," Shivachi akamwambia. "Mtoto wa mama akae hapo."

Kisha akamwita Nereah naye apande.