Siku Torkild Alipoisifia Merikebu

Torkild Brøgger alijaliwa macho ya kuona kasoro, na kwa bahati mbaya akajaliwa na ulimi wa kuzisema. Miaka thelathini na mmoja alikaa mbele ya mkanda unaotembea katika kiwanda cha plastiki huko Jutland, na kazi yake ilikuwa moja tu: kutazama kinachopita na kukitupa kibovu. Siku ya kustaafu walimpa saa ya mezani. Akaigeuza, akaona skrubu moja ya nyuma imekaa upande, akawaambia palepale, keki ikiwa bado haijakatwa. Mkurugenzi alicheka akidhani ni utani, na Torkild akamshangaa.

Nyumbani mambo yalikuwa hayohayo. Mkewe, Jonna, alimpikia miaka ishirini na sita, na sifa kubwa kuliko zote alizowahi kupata ni "leo haikuungua". Jumanne moja akafunga mizigo, akahamia Aalborg kwa dada yake, akaziacha sufuria zote jikoni. Torkild alisikitika, nisimsingizie. Lakini alipowasimulia wenzake klabuni, alianza kwa kusema kwamba barua ya kuagia ilikuwa na makosa matatu ya tahajia.

Klabu yenyewe ilikuwa ya wajenzi wa matofali ya kuchezea, yale madogo ya plastiki yenye vinundu juu, ambayo kule mtoto hupewa kabla hajamaliza kuota meno na mtu mzima haoni haya kuendelea nayo. Walikuwa watu kumi na mmoja, wote wamevuka arobaini. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa nne asubuhi, walikutana katika ukumbi wa kijiji karibu na Vejle. Walivua viatu mlangoni, wakanywa kahawa, wakala keki, halafu ikaja ile sehemu wanayoiita fimbo na sifa.

Kanuni yake ni fupi. Mwenye kazi anaiweka kazi yake katikati ya meza na kufunga mdomo. Wenzake wanazunguka, mmoja baada ya mwingine, kila mtu anasema lililo zuri na lililo baya. Mwenye kazi hajitetei, haelezi, hata kutikisa kichwa haruhusiwi. Mwisho anasema, "Ahsante kwa fimbo na sifa," kahawa inamiminwa tena, na hakuna anayemnunia mwenzake mpaka afike kwenye gari lake.

Wengi walichapa kwa adabu, fimbo moja katikati ya sifa mbili, kama kidonge ndani ya ndizi. Torkild alileta fimbo tupu. Waswahili wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Torkild hakuwahi kuuona mnazi maishani mwake, lakini aliishi kwa msemo huo kuliko mgema yeyote.

Mwaka huo mada ilikuwa maharamia. Kila kazi itoshe juu ya kisosi, isizidi, na zitakazochaguliwa nane zitapelekwa kwenye maonyesho makubwa ya Fredericia wakati wa vuli. Ragnhild, dereva wa basi mwenye kicheko kikubwa, alileta kisiwa chenye mtende mmoja, na haramia amefukiwa mchangani mpaka shingoni, kasuku amekaa juu ya kichwa chake. Watu wakacheka, wakamsifu. Zamu ikamfikia Torkild.

"Kasuku ni mkubwa kuliko mtende," alisema. "Mtende hauna mizizi, ukipuliziwa unaanguka. Na nilikuwa najiuliza huyu haramia kakosa nini hata afukiwe hivi. Sasa nimeelewa. Kaomba mwenyewe, asikione kisiwa, na mchanga ukawaishia shingoni."

Ragnhild akasema ahsante kwa fimbo na sifa, akaenda kulia chooni. Mwezi uliofuata akarudi na kisiwa kilekile, mtende umesimama imara, kasuku mdogo amening'inia kwa mguu mmoja, na hakuna mtu mezani aliyebisha kwamba sasa ndicho kisiwa. Alimchukia Torkild kwa moyo wake wote, na alikuwa amekuwa mjenzi.

Aliyechapwa kuliko wote ni Villads Skovmand, fundi wa kushona matanga bandarini, rafiki pekee wa Torkild kwa miaka ishirini na miwili. Villads alikata matanga yake kwenye karatasi za kuchujia kahawa, na yalitunisha kifua utadhani kuna upepo ukumbini. Torkild alimchapa, Villads akabeba fimbo zake nyumbani na kuzifanyia kazi. Neno tamu kuliko yote alilowahi kuambiwa lilikuwa "hapa bado sijaona kosa", na alilizungumzia majira yote ya baridi.

Januari Villads akapigwa na kiharusi. Upande wa kulia wote ukalala, mkono, mguu na nusu ya uso. Alikaa miezi mitano mikononi mwa wauguzi. Jumamosi ya kwanza ya Juni Torkild alimfuata kwa gari kama zamani, na Villads akaingia taratibu, na sanduku la viatu mapajani.

"Torkild," alisema. Maneno yalimtoka polepole, yanaburuza miguu.

"Naam."

"Humu ndani kuna merikebu. Nimeijenga kwa mkono wa kushoto na meno."

"Na meno?"

"We endesha gari. Nisikilize. Tangu Januari mimi nasifiwa tu. Nikishika kikombe nasifiwa. Nikivaa soksi, muuguzi ananipigia makofi. Soksi, bwana. Mtu mzima wa miaka sitini na minane."

"Makofi kwa soksi," alisema Torkild. "Ulizivaa sawasawa angalau?"

Villads akacheka kwa nusu ya mdomo iliyobaki. "Ndiyo hayo ninayoyataka. Leo unichape. Ukinichapa kama siku zote nitajua bado ni mjenzi. Ukinionea huruma nitajua mmeshanizika, mnasubiri kahawa ya matanga tu."

"Mimi lini nimemwonea mtu huruma?"

"Ndiyo maana nakuomba wewe."

Ukumbini kila mtu alimkumbatia Villads, na wakamwachia kiti cha karibu na mlango wa choo, jambo ambalo lilimuudhi. Zamu yake ilipofika aliitoa merikebu kwa mkono wa kushoto. Ilimchukua muda. Mwenyekiti Ove, mzee mpole aliyekuwa mpiga kengele wa kanisa, alinyanyuka amsaidie, Villads akamtupia jicho, Ove akakaa.

Torkild aliona makosa kumi na saba kabla merikebu haijagusa kitambaa cha meza. Mlingoti umelala kushoto. Matofali hayakukandamizwa, nyufa zinaonekana. Omo ya mbele imeinuka kuliko tezi ya nyuma. Mizinga mitatu upande mmoja na mmoja upande wa pili, chombo kingepinduka kabla ya kutoka bandarini. Tanga limekatwa vibaya, kingo zimechanika. Na kwenye matofali meusi ya ubavuni kulikuwa na alama za meno, nyingi, nyingine zimerudiwa mara mbili mbili mahali palepale.

Aliona na jambo la kumi na nane. Usukani ulikuwa umehamishwa upande wa kushoto, kwa sababu nahodha aliyesimama nyuma alikuwa na kulabu mahali pa mkono wa kulia. Hilo halikuwa kosa. Hilo lilikuwa wazo zuri kuliko mawazo yote yaliyowahi kukaa juu ya meza ile, na lingeweza kusemwa, baada ya yale kumi na saba.

Wenzake wakaanza. Rangi zimependeza. Hongera kwa kurudi, Villads, tulikukosa. Bendera ya fuvu imekaa vizuri. Villads aliwatazama wote kama mtu anayesubiri basi lake kati ya mabasi mengine. Ikafika zamu ya Ragnhild. Akaikodolea macho merikebu.

"Mlingoti wako umelala, Villads. Mimi ningeweka tofali pana chini yake."

Jicho la Villads likawaka. Akageuka kumtazama Torkild, na meza nzima ikageuka naye, maana alikuwa wa mwisho.

Torkild akafungua mdomo. Yale kumi na saba yalikuwa yamepanga foleni ulimini. Lakini katika miaka yote ya kuchapa watu hakuwahi kumtazama mtu usoni. Siku zote alitazama kazi, na uso aliuacha uhangaike na shida zake. Siku hiyo, kwa mkosi, alitazama. Aliona mate yakimtiririka rafiki yake kwenye kona ya mdomo uliolala bila yeye kujua. Moyo ukamvunjika, moyo ambao haukuwa na mazoezi ya kuvunjika, kwa hiyo haukujua ufanye nini.

"Nzuri," alisema. "Nzuri sana."

Kijiko kilisikika kikiwekwa kwenye kisosi. Nusu ya uso wa Villads iliyokuwa hai ikashuka taratibu mpaka ikalingana na ile nyingine. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi na mpaka leo linanikera: mtu aliyewanyima chakula walioshiba, alipoombwa na mwenye njaa akampa picha ya mkate.

"Ahsante," alisema Villads, "kwa fimbo na sifa."

Ove, kwa wema wake wa kikanisa, akapendekeza merikebu iende Fredericia bila kupigiwa kura. Wakapiga makofi wote. Torkild naye akapiga.

Walipofika mlangoni kwa Villads, Torkild akazunguka amfungulie mlango, na Villads akakaa kwanza, sanduku mapajani.

"Umepiga makofi," alisema, akateremka mwenyewe.

Wiki tatu Torkild hakulala vizuri. Mwishowe akachukua karatasi, akaandika makosa yote kumi na saba kwa nambari, na chini yake akaandika habari ya usukani. Akaenda kugonga. Villads alikuwa jikoni, mkate wa shayiri na samaki wa siki mbele yake, na mezani kulikuwa na makopo ya siagi yamejaa matofali yaliyopangwa kwa rangi.

"Nimekuletea fimbo zako," alisema Torkild. "Nilikosea siku ile. Mlingoti ulikuwa mbovu kabisa. Mizinga ilikuwa upuuzi."

"Mlingoti wa nini?"

"Wa merikebu."

Villads akaonyesha makopo kwa kidevu. "Ichape basi. Imo humo. Meusi yenye alama za meno yamo kwenye kopo la tatu."

"Villads, ndugu yangu."

"Usinililie jikoni, nitakusifu."

Torkild akaacha karatasi mezani. Alipofika kwenye lango aliiona kupitia dirisha, ikiwa imewekwa chini ya kopo la samaki.

Hakwenda klabuni Julai. Alikaa nyumbani akajenga. Alitaka kuweka mezani kazi itakayomfanya Villads asahau, ajibu, atukane, chochote. Wiki tano alijenga merikebu ya kutosha juu ya kisosi, mlingoti wima, mizinga miwili kwa miwili, na tanga la karatasi ya kahawa, la kwanza maishani mwake, lililotuna kuelekea mbele. Juu akasimamisha bendera ya fuvu. Agosti akaipeleka.

Villads alikuwapo. Ragnhild alimleta, na kiti chake sasa kilikuwa katikati. Torkild akaiweka kazi juu ya kitambaa, akafunga mdomo, akangoja. Ove, kwa heshima ya mgonjwa, akamwomba Villads aanze.

Villads akainama akaitazama kwa muda mrefu. Torkild aliliona jicho lake likipanda mlingotini, likafika juu, likasimama.

"Nzuri," alisema Villads. "Nzuri sana."

Torkild akafuata mahali jicho liliposimama, na hapo ndipo alipoona. Tanga lilikuwa limejaa upepo wa kutoka nyuma, na bendera ilikuwa ikipepea kurudi nyuma, kama vile kuna pepo mbili juu ya kisosi kimoja. Kosa la mtoto. Kosa alilowachapia watu sita kwa miaka ishirini na miwili, mmoja wao akaacha klabu. Alikuwa ameitazama bendera ile wiki tano na macho yake hayakumwambia. Akaingiwa na hofu ambayo hakuwa nayo hata siku Jonna alipoondoka, maana hakujua ni mangapi mengine yamekuwa yakimpita, na tangu lini.

"Nzuri sana," alisema wa pili.

"Imependeza mno," alisema wa tatu, akiitazama bendera waziwazi.

Torkild alizunguka nyuso zao moja moja akitafuta fimbo. Alikuwa tayari kuipokea kwa yeyote. Akafika kwa Ragnhild, mwanamke aliyekuwa na ujasiri siku ile, akamtazama kama anayeomba maji. Ragnhild akautazama ule mlingoti, na mkono wake ukanyanyuka kidogo kutoka mezani, kisha akaurudisha.

"Nzuri sana, Torkild," alisema. "Sina la kuongeza."

"Bendera, jamani," alisema Torkild. "Hakuna aliyeiona bendera?"

"Mwenye kazi hasemi, Torkild," alisema Ove kwa upole.

Wakamngoja. Akasema ahsante kwa fimbo na sifa, na Villads akawa wa kwanza kupiga makofi, akipiga kiganja cha kushoto juu ya meza, kwa kuwa mkono wa kulia haukunyanyuka.