Bunduki Iliyomkaa Mjukuu Wangu

Nilisoma hadi darasa la nne tu, lakini mtu akisimama mbele yangu dakika moja nitakuambia bega lipi limeshuka na mkono upi ni mrefu. Hapa Mashimoni, Kibera, nimeshona sare za shule, nguo za harusi na majoho ya kwaya, mpaka cherehani yangu imebadilishwa kila kitu isipokuwa meza. Kwa hivyo mjukuu wangu alipoleta swali la bunduki sikushtuka. Nilidhani najua. Nilikosea mara mbili, na makosa yote mawili nayasema mwenyewe kabla hujayasikia kwa binti yangu, ambaye huyasimulia vibaya.

Mjukuu anakaa na huyo mama yake Kawangware, upande wa Riruta. Alikuwa amepata kibarua kwenye kilabu kimoja cha kulenga shabaha, nje kidogo ya mji. Kazi yake ilikuwa kupakia visahani vya udongo kwenye mashine, mashine inavirusha juu, na wenye pesa zao wanavipiga risasi vikiwa bado hewani. Kikipasuka, wanapongezana. Nilipoelezwa mara ya kwanza niliuliza, "Na mkimaliza mnakula nini?" Alicheka hadi akakaa chini.

Mwalimu wa pale ni mzee aliyestaafu kazi ya kulinda wanyama wa pori. Aliona msichana huyu ana jicho la shabaha, akaanza kumfundisha wageni wakishaondoka. Halafu kilabu kikataka msaidizi wake, kazi ya kudumu, na sharti likawekwa: utapiga visahani ishirini na tano mbele ya kamati. Ukivunja kumi na vinane, kazi ni yako. Usipofikisha, unarudi kupakia mashine. Kila anayejaribu angechagua bunduki moja kati ya tatu za kilabu, iandikwe, afanye mazoezi nayo mwezi mzima. Kubadilisha, mara moja tu.

Mjukuu wangu akaja na picha kwenye simu. Zote zilikuwa bunduki za marisau, zile vijana huita shotgani. Haitoi risasi moja, inatema punje ndogo nyingi kwa pamoja, kama mtu anayewamwagia kuku mtama. Ya kwanza ilikuwa na mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, na chuma chake kimechorwa maua. Ya pili nayo ilikuwa na mitutu miwili, lakini mmoja umebebwa juu ya mwenzake. Ya tatu ilikuwa na mtutu mmoja, inajipakia yenyewe na kutupa maganda pembeni.

"Nyepesi ni gani?" nikauliza.

"Hii ya maua, shosh," akasema, maana nyanya kwao vijana ni shosh.

"Basi chukua hiyo. Msichana kama wewe unabeba chuma kizito cha nini?"

"Mwalimu anasema hiyo ni ya kuwinda kanga na kwale."

"Kanga anaruka, kisahani kinaruka. Tofauti iko wapi?"

Akaenda akaandikisha ile ya maua. Hilo ni kosa langu la kwanza, na nililitoa kwa sauti kubwa kama mtu anayejua.

Wiki iliyofuata alikuja nimpime nguo ya harusi ya binamu yake. Alipovua blauzi nikaona mkono umevilia damu, rangi ya biringanya.

"Nani amekupiga?"

"Ni bunduki tu, shosh. Ikilia inarudi nyuma."

"Mimi nitaikomesha."

Nikakata sponji ya godoro kuukuu, unene wa vidole viwili, nikaishona ndani ya kizibao chake cha mazoezi na kuifunika kwa ngozi. Mshono safi, hata ukiugeuza nje huoni uzi umelegea. Nilijisifu kwa majirani siku mbili. Siku ya tatu akanipigia simu.

"Umevunja vingapi?" nikauliza.

"Kumi na kimoja."

"Na kabla ya sponji?"

"Kumi na vinne."

Nikasema labda upepo. Lakini sikulala vizuri, na Jumamosi nikavaa gauni la kanisani, nikaweka futi yangu ya kupimia kwenye mkoba, nikaenda kilabuni mwenyewe.

Mwalimu alinipokea kwa heshima. "Karibu, mama fundi. Umekuja kununua bunduki?"

"Nimekuja kuiona ile inayompiga mtoto wangu."

"Haipigi mtu vibaya ikishikwa vizuri."

"Hata marehemu mume wangu alisema hivyo kuhusu punda wake," nikamwambia, na mazungumzo yakalainika.

Akanifunika masikio kwa vifuniko vikubwa kama vikombe vya uji, na msichana akasimama kwenye mstari. Mimi sikuangalia visahani. Niliangalia mwili, ndiyo kazi yangu. Alipoinua bunduki kitako chake kiligonga sponji, kikateleza, kikakaa kwenye mkono chini ya bega. Ili akifikie kwa shavu ikabidi anyooshe shingo kama kuku anayekunywa maji. Akafyatua. Kisahani kikaenda zake salama kabisa, kikaangukia kwenye nyasi.

"Simama hapo hapo," nikasema. "Weka hicho kitu chini, kwanza."

Akaifungua, akatoa risasi, akailaza mezani. Nikampima. Alama ya damu haikuwa begani hata kidogo, ilikuwa mkononi. Mwalimu akanionyesha kwa kidole kile kibonde kati ya bega na kifua. "Kitako kinatakiwa kulala hapa. Lakini ile sponji inakisukuma mbele, bunduki inakuwa ndefu kuliko mkono wake. Nilimwambia aitoe. Akakataa."

Nikamgeukia msichana. "Kwa nini ulikataa?"

Akaangalia viatu vyake. "Si uliishona wewe, shosh?"

Nilitoa wembe kwenye mkoba, nikamwambia avue kizibao, nikafumua ule mshono wangu mzuri mbele ya watu, nikaibwaga sponji kwenye pipa la taka.

"Kosa la pili limekwisha," nikasema. "Sasa tushughulikie la kwanza. Mwalimu, nieleze hii nyepesi ina shida gani."

"Haina shida. Anayewinda anatembea porini kutwa nzima na anafyatua labda mara sita. Huyo anataka bunduki nyepesi. Hapa mtu anafyatua mara mia asubuhi moja. Ikiwa nyepesi, teke lote linakuja kwake. Nzito inameza nusu ya teke."

Nikaelewa papo hapo. Pasi nyepesi unaisukuma wewe mpaka mkono unakufa. Ile nzito ya makaa inafanya kazi yenyewe, wewe unaiongoza tu. Miaka yote hiyo nimepiga pasi, na bado nikamchagulia mtoto pasi ya kitoto.

"Mbona hukumwambia haya mapema?"

"Nilimwambia. Akasema nyanyake ameshaamua."

Watu wa pale walicheka, na mimi nikacheka nao, ningefanya nini.

Nikauliza ipi ina teke dogo zaidi ya zote. Mwalimu akaonyesha ile ya mtutu mmoja: sehemu ya nguvu ya risasi inatumika kuipakia tena, kwa hivyo bega linapona. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kusema "chukua hiyo." Nikaufunga. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kutunga uzi kwenye sindano gizani.

"Chagua mwenyewe," nikamwambia msichana.

Alizishika zile mbili zilizobaki, moja baada ya nyingine, akaziinua, akazishusha. "Nachukua hii ya mitutu ya juu na chini," akasema. "Hiyo nyingine ni tamu kupiga, lakini inamtupia maganda aliye kando. Na hii nikiikunja katikati, mitutu inabaki wazi, kila mtu anaona kama ina risasi au haina, hata akiwa mbali. Nikipata kazi nitakuwa na wanafunzi mbele yangu, shosh. Sitaki kubahatisha."

Niliona masharubu ya mwalimu yamesogea kwa tabasamu.

Nikampima nayo. Ilikuwa bado imezidi upana wa kidole. Mwishoni mwa kitako palikuwa na mpira mnene umeshikwa na skrubu mbili. "Huu hautoki?" Ulitoka. Mwalimu akatafuta mwembamba kwenye droo, akaufunga. Msichana akainua tena, na safari hii kitako kikaingia kwenye kibonde chake bila kuombwa. Shingo wima, shavu limetulia. Ilimkaa. Nguo ikimkaa mtu huhitaji kioo.

Siku ya mtihani binti yangu hakuja, alisema moyo wake hauwezi. Mimi nilikuja na pini. Kila kisahani kilichovunjika nilichoma pini moja kwenye kitambaa changu, maana nikihesabu kwa mdomo huwa napotea. Vitano vya kwanza, akakosa vitatu. Jasho likanitoka hadi kwenye soksi. Kisha akatulia, na pini zikaanza kupangana: moja, nyingine, nyingine, mpaka mzee mmoja wa kamati aliyekuwa anasinzia akavua miwani kuangalia vizuri. Alikosa kimoja katikati, na cha mwisho kabisa akakosa pia. Nikahesabu pini, nikarudia. Ishirini.

Nilipiga kigelegele hadi mbwa wa kilabu wakaitika. Nikasimama na mikono wazi. "Njoo hapa, mama! Njoo!"

Hakuja. Alikuwa amewapa watu mgongo, ameelekeza bunduki uwanjani, anaikunja taratibu. Maganda mawili yakaruka. Akachungulia mtutu wa juu, akachungulia wa chini, akamwonyesha mwalimu, mwalimu akaitikia kwa kichwa kwamba ameona.

"Wewe!" nikaita. "Nyanyako amesimama hapa kama mti wa kuanika nguo!"

"Ngoja kidogo, shosh," akasema bila kugeuka, akaipeleka bunduki kwenye rafu yake, akailaza, akahakikisha imekaa.

Ndipo akaja mbio.