Shimo kwenye kona yangu

Nimefika nyumbani Muleba leo nikakuta kaburi langu limeshachimbwa. Naandika mikono bado ina udongo na hasira hazijaisha.

Jana nilipanda ndege Mwanza kuja Bukoba. Tulipokaribia kushuka, ndege ikalalia upande mmoja, ikagoma kunyooka. Rubani akatangaza usukani haumtii, tunarudi Mwanza. Mama wa kiti cha pembeni akanishika mkono, akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa Kihaya. Ubeti wa pili ukampotea, akaanza upya. Tulitua tunayumba, tairi likapasuka, lakini hakufa mtu.

Kilichoniudhi ni kilichofuata. Walituingiza kwenye chumba, mfanyakazi wa kampuni akapitisha boksi la kukusanya simu.

"Msipige kwanza. Tunasubiri tamko."

"Na mama yangu naye asubiri tamko?"

"Dada, ni utaratibu."

Nikatumbukiza simu yangu kwenye boksi. Hapo ndipo najichukia. Tulikaa humo mpaka jioni, tunakunywa soda zao.

Kumbe kaka yangu, aliyekuja kunipokea Bukoba, aliiona ndege imeinama juu ya ziwa, halafu haionekani tena. Akauliza dirishani pale uwanjani, wakamwambia hawana taarifa. Akapiga simu nyumbani: "Imeingia ziwani."

Baba mdogo hakusubiri hata mwili. Kwetu tunazikana kibanjani, kwenye shamba la nyumbani, katikati ya migomba, na tangu baba afariki yeye ndiye anayeonyesha mahali. Kibanja chote kile, akaonyesha kona aliyoniachia baba, ambayo nilikuwa narudi kuipanda kahawa! Niliporudishiwa simu nikampigia mama, migomba mitatu ilikuwa tayari chini na shimo limefika kifuani.

Leo hata salamu hazijaisha, baba mdogo akaanza.

"Kaburi likishachimbwa haliachwi tupu. Tunazika mgomba humo badala yako, tumalize."

"Halafu?"

"Halafu ni kaburi. Kwenye kaburi hapalimwi."

"Kwa hiyo kona yangu imeenda."

"Waitu! Umetoka kufa jana, leo unadai ardhi? Si utaolewa wewe?"

Majirani waliokuja msibani wakacheka. Mama hakucheka. Tangu nishuke kwenye basi la kutoka Mwanza alikuwa ananishikashika mabega tu.

Nikaruka ndani ya shimo. Wanawake wakapiga yowe. Nikaanza kuporomosha udongo wa kingoni kwa mikono.

"Mnataka mgomba? Leteni wenye mizizi. Hili ni shimo la kupandia."

"Shimo gani la mgomba linammeza mtu?" baba mdogo akafoka.

"Nitalijaza."

"Ni mwiko!"

"Mwiko ni kumchimbia mtu ambaye maiti yake hujaiona!"

Hakuna aliyecheka safari hii. Mama akaondoka kuelekea zizini. Nikadhani nimemwaibisha. Akarudi na karai la samadi kichwani, akalimwaga shimoni nikiwa bado nimo, ikanifunika miguu.

"Panda, mwanangu," akasema, kwa sauti ya kusikika na wote. "Nilikuwepo baba yako akikupa."

Kaka akaleta koleo, hanitazami usoni. Tukajaza mpaka jua likapungua, tukapanda mche mmoja katikati.

Baba mdogo amechukua jembe lake, ameondoka bila kuaga. Sijamwita.