Mukwe Wangu, Turbo na Kitambaa cha Masufuria

Majina ya watu wote wa habari hii ninayakumbuka, pamoja na majina ya baba zao. Binti yangu amenikataza kuyaandika, kwa sababu mume wake ni mtu wa kuheshimiwa sokoni. Bon, siyaandiki. Watu waliokuwa kwenye arusi ile wanajua nani ni nani.

Mume wa binti yangu anauza vitenge. Mwaka jana alinunua motokari ya turbo. Alituketisha wote akatueleza: turbo ni kama konokono wa chuma, inasukuma hewa ndani ya moteri, ndipo motokari inapata nguvu ya motokari mbili. Nilimuuliza binti yangu kwa sauti ndogo kama barabara za Kisangani zinatosha hata kwa moja.

Tangu siku ile parsele yetu, nyumba na uwanja wake, ilipata sheria mpya. Kuku walifungiwa nyuma ya choo. Kamba ya nguo ilihamishwa. Mimi na kinu changu tulisogezwa hadi ukutani, kwa sababu eti maji ya pondu, majani ya mihogo ninayotwanga, yanarukia rangi. Rangi! Alikuwa na mafuta yake ndani ya kichupa kidogo, anayapaka kwa kipande cha flanela, anazungusha kidole polepole kama mama anayepaka mtoto mchanga. Anangoja yakauke, anafuta, anapaka tena.

"Musiguse," anasema. "Sasa hata vumbi haiwezi kushika."

Na kweli, vumbi lilishindwa kushika motokari ile. Lilikuja kwetu, kwenye lituma, ndizi zetu za kupondwa, na kwenye vikombe.

Mjukuu wangu wa kwanza alikuwa karibu kuolewa. Ukweni kwake ni ng'ambo ya daraja la Tshopo, kwenye barabara ya Bengamisa, na wale mashangazi wa bwana arusi wana midomo. Walikuwa wamekwisha kusema kwamba bibi arusi wetu atafika juu ya toleka, amekaa nyuma ya baiskeli kama gunia la mihogo. Mtoto alilia usiku mzima. Baba yake akaapa mbele yetu: "Mama, utaingia kwao ndani ya motokari ya baba yako, na watafunga macho kwa kung'aa." Baba hapa kwetu humwita binti yake mama. Nilimsikia akiapa, na nikajua kwamba sasa haiwezekani tena kurudi nyuma.

Wiki ya arusi, turbo ikaanza kupiga filimbi. Ukipanda kilima, nguvu hakuna, filimbi tu. Binti yangu akasema, "Peleka garaje."

"Garaje ya nini? Ninaona video."

Video zenyewe zilikuwa kwenye simu, katika lugha ambayo hakuna mtu wa nyumba hii anaisikia. Lakini mikono ya mzungu wa kwenye simu ilikuwa inaonekana vizuri, hiyo ilimtosha.

Sasa lazima nieleze jambo moja. Mimi ni mama mukwe wake, bokilo. Kwetu, mukwe hasemi na mama ya bibi yake uso kwa uso. Na kumpa matako ndiyo haya kubwa kupita zote. Lakini nani anatengeneza moteri bila kuinama? Kila nilipotoka nyumbani, mtu alikuwa ndani ya kapo, kile kifuniko cha moteri, hadi mabegani. Akinisikia, anaruka, anagonga kichwa kwenye kapo, anashuka, anasogea pembeni, anainamisha macho hadi nipite. Na mimi ni mzee, ninapita polepole. Choo nacho, kwa umri wangu, hakingojei. Ninakwenda, ninarudi, ninakwenda tena.

"Bon," nilikuwa ninamsikia nyuma yangu, "nilikuwa wapi?"

Siku moja nilimuona ametoa bomba nene la mpira linalopeleka hewa, na ameziba mdomo wake kwa kitambaa, kusudi mchanga usiingie. Kitambaa kilikuwa changu, cha kushikia masufuria. Akanisikia, akaruka, akasogea. Sikuweza kumwambia yeye. Nikauambia mchi wangu:

"Weye mchi, kitambaa yangu itarudi lini?"

Naye, macho chini, akauambia mpira wa motokari:

"Weye mpira, mwambie mama ya bibi yangu, kazi ikiisha, kitambaa itarudi."

Mpira na mchi wakaelewana vizuri. Mimi nikaenda chooni. Niliporudi, alikuwa amekwisha kufunga kila kitu na anafuta mikono, bila hata kuiwasha. Kitambaa hakikurudi, nikafikiri pengine turbo ndivyo ilivyo, inakula kitambaa. Mimi ninajua nini? Nilisoma miaka miwili kwa watawa, na hawakufundisha turbo.

Siku ya arusi, asubuhi, motokari ilikuwa inang'aa hadi kuku walijiona humo. Vijana wakaja na utepe na maua kuipamba. Gundi ya utepe ikakataa. Wakibandika upande huu, unateleza na kuanguka upande ule.

"Papa, hii rangi uliipaka nini?"

"Protection," akasema mukwe wangu, kwa furaha kidogo.

Wakafunga utepe kwenye vitasa vya milango. Bibi arusi akatoka, mweupe kama unga, akaketi nyuma na dada zake. Mukwe akawasha. Motokari ikakohoa, ikatoa moshi mweusi juu ya utepe wote, ikanyamaza. Akawasha tena. Kikohozi, moshi, kimya.

Alors, watu wote wakawa mafundi. "Batri!" "Hapana, mafuta machafu!" Kijana mmoja wa nje, ambaye nani alimualika sijui, akapiga kelele kutoka kwenye lango: "Toleka iko hapa, tunapeleka bibi arusi!" Watu wakacheka. Mjukuu wangu alishusha shela juu ya macho yake. Niliona mabega yanatikisika.

Niliuambia mchi kuhusu kitambaa. Nikarudia kwa sauti. Lakini katika kelele ile, nani anasikiliza mazungumzo ya mwanamke na mchi? Basi nikauacha. Nikapita katikati ya watu, nikasimama mbele ya mukwe wangu, nikamtazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu alipooa.

"Papa. Kitambaa yangu iko ndani ya ile bomba."

Binti yangu akashika kichwa. Mukwe alinitazama, akatazama kapo, akanitazama tena, na nikaelewa shida yake: kukitoa, lazima ainame, na mimi niko nyuma yake.

"Mama," akasema kwa sauti ndogo, "tafazali, geuka."

"Miguu inauma. Weye inama tu, mtoto anachelewa."

Akainama. Sitasema niliona nini. Alilegeza bomba, akavuta, kitambaa kikatoka kirefu, cheusi, kimelowa mafuta. Wanawake wakapiga vigelegele kama ndiyo bibi arusi mwenyewe. Motokari ikawaka, bila filimbi hata kidogo. Lazima niseme kweli: ile filimbi alikuwa ameitengeneza vizuri.

Tulivuka daraja, tukapanda kilima. Mashangazi wenye midomo walikuwa barabarani wamesimama. Mjukuu wangu, kwa haraka ya kuonekana, alifungua mlango mwenyewe, na bangili zake zote, chuma kwa chuma, zikapita juu ya ubavu wa motokari kutoka kitasa hadi tairi. Tulisikia. Mstari mweupe, mrefu, ukatokea katikati ya kung'aa.

Mukwe wangu aliuona. Kisha akamshika binti yake mkono.

"Shuka polepole, mama," akasema. "Wanakuangalia."