Abdi Alipoacha Kulia

Juzi, hospitalini Garissa, nilimwona mama amembeba mtoto aliyejikunja kwa maumivu ya tumbo, na wivu wa zamani ukanirudia.

Enzi za vita, mimi nilipoumwa tumbo, nyanya alinichoma kando ya kitovu kwa kijiti chenye moto, na hiyo ndiyo ikawa dawa. Nilinuka kama manyoya ya mbuzi yaliyoungua. Lakini mdogo wangu Abdi alipougua, mama alimbeba mpaka lango la kijiji tulimofungiwa, kwa askari waliolilinda, tuliowaogopa sote, kuomba ruhusa ya kwenda kwa daktari.

Nikamfuata nikipiga mayowe. “Hooyo, hata mimi tumbo linaniuma!”

“Wewe unalia,” mama alisema bila kugeuka. “Abdi ameacha kulia.”

Nilidhani anamsifu. Nikanyamaza papo hapo, ili nami nibebwe.